Kuchagua kartie ya kuishi Goma, kandokando ya Ziwa Kivu: mwongozo kamili

Wengi wanaotafuta nyumba Goma huanzia dirishani: ziwa linaonekana? Sebule inatosha? Hapo wameanzia mwisho. Mji huu wa mashariki mwa Kongo umejengwa juu ya mawe ya volkeno, kati ya mlima wa Nyiragongo na maji, na mambo yanayomsumbua mpangaji mara nyingi yako chini ya nyumba au njiani kuelekea nyumbani. Kwa hiyo angalia kwanza ardhi, kisha maji, kisha njia ya kutokea. Nyumba yenyewe ifuate, na mandhari ya ziwa iwe nyongeza tu.

1. Weka ramani ya mji kichwani

Goma ina komini (manispaa) mbili na kartie (mitaa) 18. Komini ya Goma, ile inayoshuka hadi ziwani, ina Les Volcans, Mikeno, Mapendo, Katindo, Himbi, Keshero na Lac Vert. Komini ya Karisimbi ina Majengo, Virunga, Bujovu, Murara, Kahembe, Kasika, Katoyi, Mabanga Nord, Mabanga Sud, Ndosho na Mugunga. Ukiupita mji kuelekea kaskazini unaingia teritware (wilaya) ya Nyiragongo, kwenye Munigi na Buhene, ambako parseli (viwanja) ni za bei nafuu. Unafuu huo una sababu, nayo ni lava.

Lakini kwa mtafuta nyumba ni afadhali kuugawa mji kwa namna nyingine: katikati na mashariki, karibu na mpaka wa Gisenyi, Rwanda; kaskazini, kuelekea mlima; na magharibi, ukifuata ufuko na barabara ya Sake. Kila upande una kero yake. Kazi yako ni kutafuta kero ambayo familia yako inaweza kuishi nayo.

2. Soma mteremko na njia za lava

Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470, na Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Lava hufuata mteremko, na mteremko wote wa kusini wa mlima unaelekea mjini. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita kwenye uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilibomoa nyumba za Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliamuru watu waondoke katika kartie 10: Majengo, Mabanga Nord, Mabanga Sud, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans.

Orodha hiyo iandike mahali. Haimaanishi kwamba kartie hizo hazikaliwi; biashara kubwa ya mji iko humo, na anayeuza kila siku Birere, eneo la biashara la katikati ya mji, atapoteza muda na pesa nyingi akilala Mugunga. Maana yake ni kwamba ukipanga humo, swali la njia ya kutokea linapanda hadi juu kabisa. Wala usidhani magharibi kumesamehewa: hata Mugunga na Lac Vert ziko juu ya lava ya zamani, na Lac Vert yenyewe ni maji yaliyojaa kwenye kreta, yaani mdomo wa volkeno ya zamani.

Ukifika kwenye parseli, pima mambo matatu.

Kwanza, uko bondeni au mgongoni? Simama mlangoni, tazama upande wa mlima. Kama ardhi inashuka kutoka pande mbili kuja kwako, upo kwenye mfereji, na kitakachoshuka kitapita hapo, hata kama ni maji ya mvua tu yaliyobeba taka. Nyumba iliyoinuka mita mbili tu juu ya majirani ina usalama mkubwa zaidi wa mvua kuliko wengi wanavyodhani.

Pili, njia za kutokea. Tembea kwa mguu kutoka mlangoni hadi barabara kubwa, mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Kama njia ya pili haipo, hesabu hilo kama kasoro ya nyumba. Mwaka 2002 lava iliugawa mji: waliokuwa mashariki walikimbilia Gisenyi, waliokuwa magharibi wakashika barabara ya Sake. Mwaka 2021 umati mkubwa ulijazana kwenye barabara hiyohiyo moja ya Sake, wengine wakapanda maboti. Kichochoro ambacho mtu mmoja tu anapita na godoro kichwani hakiwezi kuhudumia parseli thelathini usiku. Uliza pia mlango wa nje hufungwa saa ngapi na ufunguo uko kwa nani. Parseli nyingi zina ufunguo mmoja tu, na mwenyewe analala mbali.

Tatu, nyufa. Baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ilitetemeka siku kadhaa na nyumba nyingi zilipasuka. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si neno. Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, au ulio mpana juu kuliko chini, au unaoonekana ndani na nje mahali palepale, ni habari nyingine: ukuta umehama. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu ndani ya nyumba kuukuu inakupa sababu ya kuuliza. Fungua na ufunge milango yote. Fremu iliyopinda husema kabla ya ukuta.

Taarifa za volkeno hutolewa na Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachofuatilia volkeno, kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Fahamu leo ni rangi gani kabla ya kulipa garanti (amana ya nyumba).

3. Mazuku: sehemu ambayo komisioneri (dalali) hatakuambia

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ufuko wa magharibi, kuanzia Himbi na Keshero hadi Lac Vert, Mugunga na Bulengo, ndiko watu wengi wanakotafuta utulivu wa ziwa, na ndiko mazuku yanakopatikana.

Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia mipasuko ya lava. Haina rangi, na huwezi kutegemea pua kuitambua. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi. Inalala kwenye mashimo, mabonde madogo na chini ya kuta. Mchana upepo na joto la jua huitawanya. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, inajikusanya tena. Ndiyo maana kiwanja kinachoonekana kizuri saa sita mchana kinaweza kuua mbuzi saa kumi na moja asubuhi.

Namna ya kukagua:

Nenda mapema, kabla jua halijachomoza vizuri, siku isiyo na upepo. Usiende peke yako. Tembea ukiwa umesimama wima. Usiiname kuchungulia shimo, usilale chini, usimpeleke mtoto. Tafuta mijusi, ndege, panya au wadudu waliokufa bila jeraha, na majani yaliyokauka kwenye sehemu ya chini ya bonde wakati ya juu ni ya kijani. Angalia majirani wanafunga wanyama wapi: wenyeji wakikwepa kona fulani, wana sababu. Waulize akina mama wanaolima karibu, si komisioneri. Wao wanajua kila shimo kwa jina.

Watu husema: shusha mshumaa, ukizimika kuna mazuku. Ni kweli ukizimika ondoka. Ila mshumaa unaoendelea kuwaka hauthibitishi usalama, kwa sababu gesi humdhuru mtu kabla haijafikia kiasi cha kuzima moto. Kwenye asilimia 4 hivi hatari imeshaanza. Kwenye asilimia 10 mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache.

Katika kartie hizo ziondoe kwenye orodha yako nyumba zenye chumba au gereji iliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, hata kama kodi ni ya kuvutia. Epuka kulala kwenye godoro lililo sakafuni. Sakafu nzuri imeinuliwa, haina mipasuko, na kuta zina matundu ya hewa karibu na sakafu, siyo juu tu, kwa sababu gesi nzito haitokei juu. Kuchimba choo au foso (shimo la maji machafu) kunahitaji tahadhari ileile, na akizimia mtu shimoni, anayeshuka kumwokoa bila hewa ya kupumua huwa wa pili kufa. Vuta kwa kamba kutoka juu.

Na gesi iliyo ndani ya ziwa? Ziwa Kivu limebeba kaboni dioksidi na methani nyingi sana kwenye maji ya kina, na wataalamu wanaifuatilia. Lakini hilo ni jambo la bonde zima. Halikusaidii kuchagua kati ya Himbi na Katindo, kwa hiyo usilitumie kama kipimo cha kartie.

4. Maji: piga hesabu kabla ya kupenda nyumba

Goma haina mito. Mvua ikinyesha, lava inaimeza. Maji ya mji hutoka ziwani, husukumwa kwa pampu, na umeme ukikatika robine (mabomba) nazo hukauka. Kadiri unavyopanda kuelekea mlima ndivyo presha inavyopungua na bidoni (dumu la maji la lita 20) inavyopanda bei, maana kuna aliyeisukuma kwa chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) au kuibeba kwa pikipiki.

Chukua familia ya watu sita. Kwa lita 20 kwa kila mtu kwa siku, ni lita 120, yaani bidoni sita. Kwa mwezi ni bidoni 180. Zidisha kwa bei ya mtaa husika. Tuseme bidoni ni faranga 200: utalipa 36,000 kwa mwezi. Ikiwa 500, ni 90,000. Tofauti hiyo, faranga 54,000, iongeze kwenye kodi ya nyumba ya juu, ndipo uilinganishe na ile ya karibu na ziwa. Mara nyingi nyumba ya bei rahisi inaacha kuwa rahisi hapo.

Robine ndani ya parseli si maji. Ifungue. Kisha uliza maswali haya matatu kwa mpangaji, siyo kwa mwenye nyumba: maji hutoka siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho yalikatika kwa muda gani? Tafuta alama: parseli yenye bidoni ishirini zilizopangwa foleni karibu na ukuta imeshakujibu.

Maji ya mvua yanasaidia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 800, na ukiondoa yanayomwagika unabaki na 600 na kitu. Acha dakika za kwanza zioshe manjanja (mabati ya paa) kabla ya kukinga. Hapa tena volkeno inaingia: moshi wa Nyiragongo mara nyingi hupeperushwa kuelekea magharibi na kusini-magharibi, na mvua inayopita ndani yake hushuka ikiwa na asidi na floridi. Watu wa Rusayo, ulio upande huo, wanalijua hilo vizuri. Ukiona manjanja mapya yameshika kutu haraka, au watoto wa mtaa wana meno yenye madoa ya kahawia, maji ya paa yawe ya kufulia na kusafishia, siyo ya kunywa.

Wanaokaa ufukweni huona kuchota ziwani ni bure. Maji hayo yaweke klorini au yachemshwe, kila siku, bila ubishi. Kipindupindu ni ugonjwa wa kurudi hapa, na hufuata hasa sehemu ambazo watu huchota palepale wanapofulia na kuogea.

5. Choo

Aibu ya kuuliza habari za choo imegharimu wengi. Kuchimba lava ni kazi ya nyundo na mtalimbo, kwa hiyo wenye parseli wengi huishia juu juu. Shimo la mita moja na nusu likitumiwa na familia nne hujaa upesi, na gari la kuvuta uchafu haliingii kwenye kichochoro. Uliza kina cha shimo, idadi ya familia, lilimwagwa lini na nani alilipa. Kama jibu la swali la mwisho ni "wapangaji", liandikwe kwenye mkataba.

6. Umeme, njia na usafiri

Umeme wa mji hutoka kwenye zaidi ya mtandao mmoja: kuna SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, na kuna pia umeme wa mabwawa madogo ya upande wa Virunga, kama Matebe huko Rutshuru. Swali lako siyo "kuna umeme?" bali "ni wa nani, mita ni ya nani, na inagawanywa na nyumba ngapi?" Mita moja ya kulipia mbele kwa nyumba tano ni ugomvi wa kila wiki, hasa kama mmoja ana friji ya biashara. Tafuta mita yako mwenyewe, au mita ndogo ya kugawia.

Kwa safari, hesabu siku 26 za kazi, kwenda na kurudi: tiketi 52 kwa mwezi kwa kila mtu. Ukilazimika kuunganisha taksi na pikipiki, ni 104. Barabara ya mawe matupu ya lava hula matairi na mgongo. Motari (madereva wa pikipiki) wengi hukataa kuingia humo usiku au wanaongeza bei. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zisizo na lami huingia hadi kwenye sufuria, kwa hiyo nyumba ya tatu au ya nne kutoka barabarani ni bora kuliko ya kwanza.

Mstari wa kurukia ndege, kusini mwa uwanja, nao uangaliwe. Ndege ilivuka mwisho wa njia na kuingia Birere tarehe 15 Aprili 2008, na nyingine iliangukia Mapendo tarehe 24 Novemba 2019. Ukiweza kupata nyumba nje ya mstari huo, ipate.

7. Nyumba ya mbao au ya mawe

Nyumba ya mbao ni nyepesi, ikitikisika haiangukii watu kama ukuta mbaya wa matofali, na kodi yake iko chini. Adui yake ni moto. Mbao kavu zilizobanana, makaa, mishumaa na nyaya zilizounganishwa ovyo huchoma avenyu (barabara ya mtaa) nzima kwa muda mfupi. Ukipanga ya mbao, dai nafasi: kama unaweza kugusa nyumba yako na ya jirani kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, tafuta nyingine. Jiko liwe nje, na nyaya ziwe ndani ya mipira. Nyumba ya mawe na saruji ni nzuri ikiwa ina nguzo na mkanda wa zege juu ya kuta. Bila mkanda huo, tetemeko huzifungua pembe.

Ufukweni kabisa kuna jambo moja la zaidi: ukanda wa kando ya maji ni mali ya serikali. Ukuta au nyumba iliyosogezwa hadi kwenye mawimbi inaweza kuamriwa ibomolewe, na mpangaji ndiye anayekutwa ndani.

8. Ziara tatu, siyo moja

Nenda alfajiri kwa ajili ya mazuku, foleni ya maji na usafiri wa watoto wa shule. Nenda mchana mvua ikinyesha, au mara tu baada yake, uone maji yanapita wapi na dari inavuja wapi. Nenda saa moja hadi saa mbili usiku: taa, kelele za baa na makanisa, watu wanaorudi nyumbani kwa mguu au wanaokimbia kuwahi. Habari za usalama muulize nyumbakumi na wenye maduka madogo, na uulize za wiki hii, kwa sababu mambo haya hubadilika haraka kuliko kodi. Ukipata nafasi, fika siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Avenyu inayotoka pamoja kufagia ni ile ambayo jirani atakugongea mlango usiku ukihitajika kuondoka.

9. Komisioneri, garanti na mkataba

Komisioneri kwa kawaida hutaka karibu kodi ya mwezi mmoja. Mlipe baada ya kusaini na kupokea ufunguo, siyo baada ya kuonyeshwa. Nyumba moja huwa na makomisioneri wengi, na kila mmoja anasema ni yake. Kubaliana na mmoja mbele ya mwenye nyumba.

Garanti: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka mwisho wa miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wengi huomba zaidi. Kuijua sheria hakukupi nyumba, lakini kunakupa pa kuanzia kubembeleza. Na ukikubali kutoa zaidi, iandikwe kwamba ziada ni kodi iliyolipwa mbele, si garanti. Andikeni pia sarafu, dola au faranga, na kiwango cha kubadilishia siku ya malipo.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha anayepokea ndiye mwenye parseli. Omba kuona hati zake, na uulize kwa mkubwa wa avenyu na ofisi ya kartie kama parseli ina kesi ya urithi. Nyumba za familia zenye ndugu watano huzaa wenye nyumba watano: mmoja anakula garanti, wa pili anakuja kukutoa. Wote wasaini, au mmoja awe na barua ya wengine. Mkataba upelekwe ofisi ya Habitat (makazi) ya komini, ambako ugomvi wa kodi hupelekwa baadaye.

Siku ya ufunguo, piga picha za kila ukuta, hasa nyufa, namba ya mita ya umeme, robine, vioo na choo. Weka senti au kalamu kando ya kila ufa ili upana uonekane. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo kwa simu ili tarehe ibaki. Mwaka ukiisha na akitaka kukata garanti kwa ukuta uliopasuka tangu 2021, mfungulie ujumbe huo.